Ndege Niliyoiita Treni

Mimi ndiye niliyemwambia Kambo kwamba ndege ni kama treni. Nilimwambia kwa simu, mkasi mkononi, mteja amesimama mbele yangu na mkono mmoja wa blauzi, na nilisema kwa haraka kama ninavyosema mambo yangu yote. Mama yangu huniambia tangu utotoni kwamba mdomo wangu unafika kabla ya kichwa. Siku hiyo ulifika mbali sana.

Kambo, kwa sisi wa Lubumbashi, ni bibi. Huyu wangu alimzaa mama yangu na mjomba wangu mmoja, akawalea katika kambi ya reli kule kaskazini mwa Katanga, kwa sababu mumewe alikuwa mtu wa reli, na baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye mwenyewe, ukimsikiliza, alizaliwa karibu na injini. Uzeeni tulimleta akae na sisi mtaa wa Kamalondo, nyumba ya pili kutoka karakana yangu ya ushonaji. Mwaka huo alikuwa amekwenda Kalemie kumwona dada yake. Alikwenda kwa treni. Alichukua siku kumi na moja na akafika amenenepa.

Harusi yangu ya kanisa ilikuwa Jumamosi. Nilitaka awepo. Si kutaka kidogo, nilitaka kama mtoto anavyotaka kitu, kwa kupiga miguu chini. Nilikuwa nimekwisha kumshonea robe ya kijani yenye kola nyeupe, nimeining'iniza ukutani, kila mteja anayeingia namwambia, usiguse, ile ni ya Kambo yangu.

"Kambo, kuya na ndeke," nikamwambia. "Treni itakufikisha wakati mimi nimeshazaa."

"Ndeke? Miye? Sijapandaka ata siku moja."

"Iko paka sawa treni, Kambo, ni kama treni tu. Unaingia, unakaa, unafika. Tofauti ni moja tu, iko juu."

"Inatikisikaka?"

"Kidogo tu. Kwani treni haitikisikake?"

Nikasikia anavuta ugoro. Kisha akasema, "Bon. Kama iko sawa treni, treni naijua. Nitakuya, muke mwenzangu."

Ananiita muke mwenza kwa sababu kwetu mjukuu wa kike na bibi yake wanataniana juu ya babu, hata babu akiwa ameshakufa miaka. Nikacheka, nikakata simu, nikarudi kwenye mkono wa blauzi. Nilikuwa na furaha kama mwehu.

Lazima niseme hapa treni ya kaskazini ni nini, maana bila hiyo hamtaelewa. Ile safari haihesabiwi kwa saa. Treni inasimama kila kituo, na mahali pengine inasimama pasipo na kituo chochote. Ikisimama, watu wote wanashuka. Wananyoosha miguu, wananunua samaki wa moshi, wanapika bukari, ugali wetu, kando ya reli, wanasalimia ndugu wa mume. Ukibaki ndani umekaa peke yako watu watauliza kama unaumwa. Na hakuna anayekimbizwa, kwa sababu injini hupiga filimbi kabla ya kuondoka. Inapiga ya kwanza, unamaliza kula. Inapiga ya pili, unaosha sufuria. Kambo aliishi hivyo miaka sabini na kitu. Mimi nilizaliwa mjini. Hayo nilikuwa nayasikia tu, na sikuyakumbuka nilipokuwa nikisema iko paka sawa treni.

Jumanne, siku ya ndege, nilikuwa mtaa wa Golf, kwa mteja mmoja mwenye nyumba kubwa, namjaribisha gauni la kuvaa kwenye harusi yangu mwenyewe. Ndege ilikuwa itue saa tisa mchana. Mjomba angekwenda uwanjani kumpokea. Asubuhi jua lilikuwa kali, lakini ilipofika saa nane upande wa kaskazini ulikuwa umefunga, mawingu meusi yamepandana mpaka huko juu, na radi unaiona bila kuisikia. Nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, napanga pindo.

Mume wa yule mama ni mzee aliyetengeneza ndege maisha yake yote, sasa amestaafu. Simu yake ikalia. Akasikiliza, akakaa kwenye mkono wa kiti.

"Ndeke ya kaskazini haiko," akasema.

"Imechelewa?" mke wake akauliza.

"Imeanguka."

Nikatema pini. Nikamwambia haiwezekani. Nikambishia! Mimi, fundi wa nguo, nikambishia fundi wa ndege sebuleni mwake. Nikamwambia ndege inatikisika kidogo tu, kila mtu anajua, mimi mwenyewe nilipanda mara moja kwenda Kinshasa na hata kinywaji changu hakikumwagika. Yule mzee hakunikasirikia. Aliniuliza nani yumo, nikamwambia. Akashika pindo la gauni lililokuwa limetandazwa mezani, gauni jingine, lenye pini zangu bado.

"Sisi huku chini tunaonaka mvua tu," akasema polepole. "Lakini juu kabisa, kule ndeke inapita, mule mu wingu, upepo moja unapanda na mwingine unashuka, kwa nguvu ya ajabu. Rubani alisema ku radio wanatupwa juu na chini, hawezi kushika kitu. Kisha hakusema tena. Bantu ba kijiji waliona mkia unashuka peke yake."

Akakikung'uta kile kitambaa mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayekung'uta shuka. Pini zangu zote ziliruka. Zilitawanyika sakafu nzima, na mimi nikaanza kuziokota moja moja, nikilia, mpaka yule mama akanishika mabega akaniinua.

Nilirudi Kamalondo sijui kwa njia gani. Nilipofika, wanawake walikuwa tayari wamemketisha mama yangu kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kitambaa cha kichwa kimetolewa. Hema limefungwa uani, viti vimeazimwa parokiani, mbabula, jiko la makaa, imewashwa kwa ajili ya wanaume. Kilio kilikuwa kimeanza. Mjomba alirudi kutoka uwanjani na karatasi ya majina aliyoipiga picha kwa simu. Jina la Kambo lilikuwa la nne.

Siku zile sitaki kuzirefusha. Kila aliyeingia alimuuliza mama, "Ilikuwaje hata apande ndeke, mtu wa reli kama yeye?" Mama alijibu hajui. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, najua, na nikafunga mdomo, mdomo huu ambao haujawahi kufungwa. Nilijichukia. Usingizi ulikuja na sauti yangu mwenyewe, paka sawa treni, paka sawa treni, kwa mwendo wa magurudumu.

Alhamisi jioni mjomba alipigiwa simu. Akarudi chini ya hema akatuambia wote wa kwenye karatasi wamepatikana, hesabu imetimia, hakuna aliyezidi wala aliyepungua. Mkoba wa Kambo umeonekana na kadi yake ya kupigia kura na simu yake ndani. Masanduku yangekuja Jumamosi, yamefungwa, na hakuna atakayeruhusiwa kufungua. Mama alipiga ukelele mmoja tu. Hadi hapo kila mmoja wetu alikuwa bado ameficha tumaini lake mahali, nikiwemo mimi, na hapo tukalitoa.

Ijumaa ikawa zamu ya wajukuu. Kwetu, kwenye kilio cha mtu mzima, wajukuu wana haki ambayo hakuna mwingine anayo. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanasema kama yeye, wanamcheka mbele ya watoto wake wanaolia. Wanafunga mlango kwa benchi, wanaficha viatu vya wajomba, na hakuna anayeweza kuwakaripia. Mtu asiyechekwa na wajukuu wake amekufa vibaya. Ameondoka kama mgeni. Na mjukuu mkubwa wa Kambo ni mimi.

"Siwezi," nikamwambia mama.

"Utaweza."

"Mama, nakuambia siwezi! Mtu mwingine afanye!"

"Kuna mtu mwingine anajua namna mama yangu anatembeaka kuliko wewe?" Aliniangalia na macho yaliyovimba. "Unataka aende kimya sawa muntu bila kwao?"

Basi nikaingia karakana, nikaishusha ile robe ya kijani ukutani, nikaivaa. Ilinibana mabegani. Nikafunga kikwembe, kitenge chake, juu yake, nikavaa miwani yake ya zamani iliyofungwa uzi, nikatoka uani nimeinamia kushoto, mkono kiunoni, kama yeye.

"Bon!" nikasema.

Ile "bon" tu, watu walianza. Kambo hawezi kusema jambo bila kutanguliza "bon". Wanawake wakacheka huku machozi yanashuka. Binamu zangu wakapanga viti viwili viwili kama vya ndege, mmoja akakaa mbele na kifuniko cha sufuria, ndiye rubani. Nikapanda. Nikamsalimia kila abiria kwa mkono, nikamuuliza hali ya mke wake, ya mbuzi, ya mguu. Nikafika kwa rubani. "Bon! Wewe mutoto ni wa nani? Baba yako alifanyaka kazi ku reli? Apana? Basi nani alikufundisha kuendesha?" Hema lilitikisika kwa vicheko. Nikatoa ugoro wa uongo, nikapiga chafya mpaka rubani akaanguka. Mjomba wangu, mtu mzito asiyecheka hata Krismasi, alijifuta macho kwa tai. Na mimi nikapata moto! Ndivyo nilivyo, nikianza siwezi kuacha. Nilisahau kwamba amekufa. Nilikuwa naye.

Kisha rubani akapaza sauti: "Tunaingia mu wingu!"

Wakaanza kuruka kwenye viti, juu, chini, kushoto, wanapiga kelele, sufuria zinagonga. Huo ndio mchezo, lazima uonyeshe alivyokufa. Nikashika kiti. Nikarushwa. Na katikati ya makelele yale nikasikia sauti yangu, si ya Kambo tena, yangu mwenyewe, inasema kwa nguvu: "Iko paka sawa treni, Kambo! Inatikisika kidogo tu! Ni mimi nilikuambia! Ni mimi!"

Watu walicheka zaidi kuliko mwanzo. Walidhani ni mchezo. Mama peke yake hakucheka. Aliinua kichwa akaniangalia, na nikaona ameelewa.

"Bon!" sauti ikasema nyuma yangu. "Nani alikupatia ruhusa ya kuvaa robe yangu?"

Nilidhani ni binamu. Nikageuka nimtukane. Langoni alisimama Kambo, vumbi jekundu kichwa hadi mguu, kapu kichwani, mkono kiunoni.

Mungu wangu! Sijawahi kuona ua ukiondokewa na watu hivyo. Viti viliruka. Mbabula ilipinduka, makaa yakasambaa. Mjomba, yule yule mzito, aliruka ukuta wa jirani kwa suti yake ya kilio, na mpaka leo hajaweza kueleza alipandaje. Katekista wa parokia alikuwa chini ya meza akiomba kwa Kilatini ambacho hatukujua anakijua. Mama aliinuka kwenye mkeka, akakaa tena, akainuka. Mimi sikukimbia. Si ushujaa. Miguu ilikataa tu, basi mdomo ukafanya kazi yake.

"Wewe ulikufa!" nikamwambia, kwa hasira, kama nakamata mwizi.

"Bon. Nilikufa na nani? Na ulikuwa unatembea namna gani ile? Miye natembeaka vile? Sawa bata?"

Harufu ya samaki wa moshi ilinifikia kutoka kwenye kapu. Nikajua. Mzimu haubebi samaki. Nikamrukia, nikamkumbatia na kapu lake, miwani ikavunjika, nikawa nacheka, nalia, nampiga mgongoni kwa ngumi. Mama akatufikia akatuangusha wote wawili. Vigelegele vikapasuka uani, vikaenda mtaa wa pili, watu wakaja kutoka kwenye baa na glasi mkononi kuona mfu.

Tukamketisha, tukampa maji. Akaanza kusema, na kila aliporudi mtu aliyekuwa amekimbia ilibidi aanze upya.

Ndege ilitua njiani, akasema, mji mdogo, kuchukua watu. Hilo sikulijua, tiketi haikusema. Msichana wa ndege alitangaza kitu kwa Kifaransa. Kambo akaangalia dirishani, akaona nyasi, uzio, na wamama wanauza samaki. "Nikasema, bon, ni kituo." Watu watatu walikuwa wanashuka, akashuka nyuma yao na kapu, mkoba akauacha kwenye kiti chake ili kisikaliwe, kama unavyofanya kwenye treni. Akavuka nyasi. Akachagua samaki bila haraka. Akaketi na wale wamama kula karanga.

"Nikaona wanafunga mulango. Sikushituka. Nilikuwa nangoja filimbi."

"Kambo!" nikapiga kelele.

"Nilikuwa nangoja filimbi! Ndeke ikalia, ikakimbia, ikapanda. Miye niko na samaki mu mukono, napepea kikwembe. Haina filimbi ile kintu! Na wewe uliniambia iko paka sawa treni!"

Alininyoshea kidole. Na mimi, sikilizeni, sijawahi kufurahi hivyo kwa kukaripiwa. Ule uongo wangu, ule uliokuwa umenila siku tatu, ndio uliomshusha. Kama ningemwambia ukweli, kwamba ndege si treni, kaa kwenye kiti chako usisogee, angekaa. Nilirukaruka uani kama kichaa ndani ya robe yake. "Ni mimi! Ni mimi nilimwambia!" Nilikuwa nalisema jambo lile lile nililolisema dakika kumi kabla, sasa kwa kuimba.

Mengine alimaliza haraka. Dhoruba iliyoangusha ndege ndiyo iliyoangusha mnara wa simu wa ule mji. Wafanyabiashara wa Kivu wenye lori la maharagwe walimpakia mbele, dereva anasimama kuomba Mungu kabla ya kila daraja. Habari ya ndege aliipata siku ya pili, kwenye kizuizi cha barabara. Dereva akampa simu yake apige nyumbani. Namba zetu zote zilikuwa kwenye simu iliyokwenda na mkoba. Kichwani alikuwa na namba moja tu, ya ofisi ya reli alikofanya kazi babu, na hiyo haijapokewa tangu mimi sijazaliwa. Aliipiga hivyo hivyo.

Mjomba alikuwa amesharudi, suruali imechanika. Akaanza kufungua kamba za hema. Vijana wakakusanya viti. Mtu akasema harusi iendelee kesho, nguo zipo, padri yupo, na Kambo yupo! Nikashangilia. Nilitaka. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kurekebisha mabega ya robe niliyoyanyoosha.

Mama alimletea Kambo bukari na sombe, majani ya muhogo. Akakata tonge, akalifinyanga, likasimama njiani.

"Bon," akasema. "Munasema walipatikana wote?"

"Wote, mama," mjomba akajibu, kamba mkononi.

"Hesabu ilitosha?"

"Ilitosha. Walituambia hakuna aliyezidi wala aliyepungua."

"Ilitosha namna gani, na miye niko hapa?"

Kamba ilianguka kutoka mkononi mwa mjomba. Nilijaribu kufikiri kwamba walikosea kuhesabu, na nilitaka sana iwe hivyo, lakini Kambo alikuwa amerudisha tonge kwenye sahani.

"Njo yeye, ni yeye," akasema. "Mama wa kikwembe ya njano."

Pale kwenye uzio, akasema, kulikuwa na mwanamke ameketi juu ya mzigo wake. Bado kijana, mama wa mtoto mmoja au wawili. Alikuwa anangoja nafasi siku tatu, ndege zinapita zimejaa. Ndiye aliyempa Kambo karanga. Walizungumza juu ya samaki, juu ya barabara mbaya. Majina hawakuulizana. Kwenye treni majina yanakuja siku ya pili, hakuna haraka. Kisha mtu wa ndege akaja uzioni, akampigia mikono: wewe, kuya, mbio, fasi iko moja! Hakuandika kitu.

"Akakimbia," Kambo akasema. "Alikimbia na mizigo ku kichwa, anacheka. Na miye nikamupigia makofi. Nikasema, bon, amepata, tutaonana mule ndani."

Akafunika uso kwa kikwembe. Tangu aingie langoni alikuwa hajalia. Sasa alilia, na kilikuwa kilio cha mtu aliyefiwa kweli. Nami nikaketi chini pale pale nilipokuwa. Mdomo wangu ulikuwa umemshusha mmoja na kumpandisha mwingine. Nilikuwa nimelipigia vigelegele jambo hilo.

Mjomba alipiga simu kampuni ya ndege mpaka betri ikaisha. Karatasi yao ilikuwa sawa, wakasema, hakuna abiria mwingine. Kwa radio ya parokia tukampata mtu wa misheni ya ule mji. Akauliza sokoni. Walimkumbuka, lakini alikuwa mpita njia, ametoka vijiji vya mbali, na hakuna aliyejua ni vijiji vipi.

"Rudisheni viti," Kambo akasema.

Jumamosi, siku ya harusi yangu, sanduku liliingia Kamalondo kwa gari. Lilikuwa na jina la Kambo juu yake. Mjomba alilifuta jina lile kwa bisibisi kabla halijashushwa. Watu walikuwa wengi kuliko kilio cha kwanza, mtaa mzima, hata yule mzee wa Golf na mke wake. Mama aliketi kwenye mkeka, na Kambo akaketi kando yake, miguu imenyooshwa, kichwa wazi. Wakalia. Lakini ulipofika wakati wa wajukuu, tukaangaliana. Tungemcheka vipi? Hatukujua alivyotembea wala alivyosema. Alikuwa anaenda kuzikwa kama mgeni.

Kambo aliinuka. Alikwenda langoni kwa mwendo wake, ameinamia kushoto, akatwaa kapu lake, akaliweka kichwani. Kisha mwanamke yule wa miaka sabini na kitu akapandisha kikwembe juu ya magoti na akakimbia. Alikimbia kutoka langoni hadi kwenye sanduku, mkono mmoja kwenye kapu, mwingine unapepea, mdomo wazi, anacheka kama aliyeitwa. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na kilio kikapanda pamoja na kicheko.

Alifika, akashika sanduku kupumua, akanitafuta kwa macho.

Nilikuwa nimekwisha kuleta kitambaa kutoka karakana, njano, mita nne, kilichokuwa cha mapazia ya mtu. Nikajifunga. Nikachukua kapu, nikaenda langoni, nikakimbia. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikafika kwenye sanduku.

Kambo akatikisa kichwa.

"Ulikimbia sawa miye," akasema. "Yeye alikuwa kijana. Na alikuwa na furaha. Kimbia tena."

Nikarudi langoni.